Hereni Ulizotuletea

Wifi,

Sisi wazima, kama unajali. Mwanangu bado anakunja waya kwa koleo na kutunga shanga moja moja, na hereni zake hazina mfano mji mzima. Sasa boksi la hereni za kiwandani ulimtumia la nini? Eti zitajaza duka! Kwa adabu zake akazipanga kwenye meza ya peke yake, na kila mteja humwambia hizi ni za kiwandani, si kazi yake.

Juzi aliniachia duka. Mteja akashika zako: "Mama, hizi za mkono?" Nikamjibu, "Humu ndani kila kitu ni mkono wa mwanangu!" Akanunua. Jana karudi, sikio limevimba kwa hereni zako, anapayuka mlangoni: "Waongo nyie! Hata hizo za shanga mmenunua!" Wateja wakaziweka chini, wakatoka.

Mwanangu hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, wewe pumzika nyumbani." Leo kaenda dukani bila kuniaga.

Boksi lako, lawama zako. Mwandikie kwamba wewe ndiye uliyenituma niseme vile. Wewe uko mbali, akikununia utaishi. Mimi sitaweza.

Ni mimi,
Mama wa fundi