Vidonge vya Mwezi wa Ramadhani

Shoga Maryam, nimechoka hata kuandika. Dada Mwanabibi, tuliyemkimbiza hospitali hajitambui, kazinduka leo.

Kile kichwa alichokuwa akikilalamikia tangu kumi la kwanza la Ramadhani, sote tukamwambia ni njaa? Damu imeganda kwenye mshipa wa ubongo! Daktari anasema ugonjwa wenyewe hauonekani mara kwa mara.

Akamuuliza, "Dada, kuna dawa unayotumia?" Akakiri. Kumbe vidonge vya majira, vile vya kuzuia mimba! Kavinunua duka la dawa pale Kibiti, anameza mfululizo asiingie hedhini, afunge thelathini zote, asibaki na siku za kulipa.

Vidonge vya majira, Maryam! Mumewe hajui. Na daku alikuwa haamki, maji hanywi, kutwa yuko juani shambani.

Daktari kamwambia taratibu, "Vidonge uache, maji unywe. Vidonge na kukosa maji ndivyo vilivyogandisha damu, na ungeweza kuviepuka."

Mama mkwe wake kutoka Bungu, aliyekuwa akimsifia kila futari kwamba mkwewe hakosi kufunga hata siku moja, kainama tu.

Na unajua dada kauliza nini, ulimi mzito, mkono wa kulia haunyanyuki?

"Sasa nadaiwa siku ngapi?"