Bwawa Limegeuka Mlenda

Jumatano, Iyula. Ukungu umegoma kuondoka tangu asubuhi, na hasira zangu nazo zimegoma.

Alfajiri nimekuta perege wawili wamekufa tena, wanaelea bwawani kwangu. Waliobaki walikuwa wamejazana juu, midomo wazi, wakitafuta hewa. Maji ni ya kijani kizito kama mlenda, na juzi tu nilipunguza maji ya zamani, nikazoa tope la chini na kuongeza mapya.

Watu wananishauri nimwage chokaa. Hapana. Kijani hicho ni mwani, mimea midogo sana inayoishi kwa mbolea. Mchana hutoa oksijeni, usiku huivuta, ndiyo maana samaki hutweta alfajiri. Tena mwani ukizidi, mchana maji hupungua asidi, na amonia ya kinyesi huwa sumu kali zaidi. Chokaa ingezidisha balaa. Dawa ni kuunyima mwani chakula.

Lakini kuna anayeulisha.

Ni mkamwana wangu, mke wa mwanangu mkubwa. Kwao Kamsamba bwawa la samaki hutiwa mbolea ya kuku, maji yakawa kijani na samaki wakanenepa. Kwa hiyo kila jioni anamwaga ndoo ya mbolea hiyo bwawani kwangu, kwa moyo safi kabisa, ili anifurahishe. Nami siwezi kumkanya. Kwetu baba mkwe hasemezani na mkamwana moja kwa moja. Neno hupitia kwa mama mkwe wake.

Na mama mkwe amekataa.

"Nikisema mimi, nitaitwa mama mkwe mkorofi," amesema mke wangu. "Si wewe ndiye mwalimu? Fundisha."

Basi jioni hii nimesimama kando ya bwawa, nikamfundisha mke wangu kemia kwa sauti ya kuhubiri, huku mkamwana akiosha vyombo nyuma ya migomba. Nilipofika kwenye amonia, mwanafunzi wangu alikuwa anapiga miayo.

Sauti ikatoka migombani, kwa adabu: "Mama, mwambie baba nimesikia, ndoo sitamwaga tena. Ila muulize, hawa samaki ni wa kula au wa kuangalia?"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu, umeulizwa swali."

Niliinama nikaopoa jani la mgomba majini.

Ni wa kuangalia. Nilitaka tu nikae pale jioni, nione maji mpaka chini. Lakini nitamwambiaje binti aliyelelewa na bwawa la kitoweo kwamba nimechimba shimo, nikafuga mboga, na sina mpango wa kuila?

Alfajiri nitajua samaki wangapi wamepona. Jibu la mkamwana ninalo, ila sijui nitalituma lini.