Baridi ya Tumbo Tupu

Dada Skola mpenzi, shikamoo,

Tuko Songea, kwenye mafungo ya wanandoa wapya. Dada yangu wee, nimepata mume! Kwa sheria ya mafungo siku tatu hatusemeshani, tunatafakari tu, na mimi na Anselmu tuliahidiana kunywa uji wa asubuhi tu, bila kula kingine kutwa, tuiombee ndoa yetu.

Siku ya pili nikaanza kutetemeka. Sweta mbili za mitumba, kitenge juu, jua la saa sita linawaka, na meno bado yanagongana. Nikajua ni malaria, ila sikumwambia Anselmu, asije akaniona dhaifu. Nikaenda jikoni kumwomba dawa sista anayetupikia. Akanishika shavu, akacheka.

"Malaria gani, mwanangu? Baridi ya huku haimwonei aliyeshiba. Tumbo lako halina kuni. Hata mwenzio nimemwambia hivyo hivyo."

Nikageuka. Anselmu wangu alikuwa nyuma ya mlango, tonge la ugali mkononi, anatetemeka kuliko mimi!

"Nisamehe, mke wangu," akanong'ona. "Niliona aibu kukuambia."

"Nipishe hapo, na mimi nile."

Tukala ugali wa moto na maharage mpaka vidole vikalegea. Dada, nimewaza sana tangu hapo. Tumeoana majuzi tu, na tayari kila mmoja alikuwa anaganda kivyake kwa kumwogopa mwenzake. Sasa tumeahidiana upya: anayesikia baridi aseme.

Nibusie mama, nawe ule ushibe.

Mdogo wako akupendaye,
Tasiana