Hadithi Niliyoikimbia Mkekani Kwako

Mama Mukubwa wangu,

Nimesoma. Leo baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, mbele ya wote, kwa mdomo wangu mwenyewe kama ulivyotaka. Uso unaniwaka mpaka sasa. Ndoo ya maji imekauka tangu niliporudi nyumbani na siwezi kwenda bombani, kwa sababu bombani nitamkuta Mama Sifa, na unamjua Mama Sifa, mdomo wake hauna kifuniko. Nimejifungia ndani. Nakuandikia wewe uliye mahali ambapo posta yetu haifiki, ingawa siku hizi posta yetu haifiki hata Moba.

Kama kuna mtu ninayeweza kumwambia aibu yangu bila kuificha, ni wewe. Ulifanya kazi na aibu za watu miaka yote ile. Asubuhi ulikuwa daktilo bandarini, unapiga kwa mashine barua za wakubwa waliokuita sitwayeni, yaani raia. Mchana ulikuwa unarudi nyumbani kwako nyuma ya gare ya treni, na kila Jumamosi unavua viatu, unatandika mkeka chini ya ukuta, na hapo kazi yako ya kweli ilianza. Mchapaji wa Lubumbashi aliyetoa vile vitabu vyembamba vya kusomwa kwenye treni hakupokea hadithi yoyote ya upande wetu ila iliyopita mikononi mwako. Mapenzi na maajabu tu. Mtu akikuletea ya siasa ulimrudishia kabla hajakaa. "Hizo ziko na watu wake," ulisema, na kila mtu alijua ni watu gani, na kila mtu aliangalia pembeni.

Unakumbuka sheria ya mkeka? Hadithi ya mapenzi inasomwa na aliyeiandika. Hadithi ya maajabu inasomwa na mtu mwingine, na aliyeiandika anakaa kimya katikati ya wengine, hatajwi jina. Watu walidhani ni kichaa chako tu. Nilikuuliza siku moja nikikumiminia chai.

"Mapenzi, acha sauti yake imusaliti," ulinijibu. "Pale inakatika, njo pale pa kweli. Lakini ajabu, asiisome mwenyewe. Atatusaidia na macho, atapanua mikono. Kitabu hakina mikono."

Na akina mama waliokuwa wakianika ndagala, dagaa wetu wa ziwa, pale mchangani, mbele ya mkeka, hawakujua kwamba wao ndio kamati yako. Au walijua, sijui. Wewe ulikuwa unaangalia mikono ya Mama Sifa, mmoja wao. Ilipoendelea kugeuza samaki ulikunja karatasi taratibu na kumshukuru mwandishi. Iliposimama, ulitia alama ya penseli pale pale iliposimama.

Yule muuguzi kijana nampenda mpaka leo. Alileta hadithi ya wapenzi wawili wanaoagana kwenye theluji, mmoja anaitwa Roje, mwingine sijui Suzana, wakati huo majina ya Kizungu yenyewe yalikuwa yamekatazwa na serikali hata kanisani. Alisoma kwa kujiamini. Ndagala ziligeuzwa zote, zikageuzwa tena.

"Weye ulishika baridi wapi?" ulimwuliza.

Alifikiri. "Mu frigo ya hospitali, Mama. Ile ya dawa."

"Basi andika frigo."

Alichukia, akaondoka bila kuaga. Akarudi mvua zilipoanza, na hadithi ya dada mmoja anayelala ameegemea frigo ya dawa kila umeme unapokatika ili mtu asiifungue, na mlinzi anayekuja kumletea blanketi. Aliposoma jinsi mlinzi alivyoketi upande wa pili wa frigo bila kumgusa, sauti ikamkatika. Mikono ya Mama Sifa ilisimama mpaka kunguru wakashuka wakala samaki wake, na ulimlipa kwa wali wa jioni ile. Muuguzi alikuwa analia wazi wazi. Mimi nilicheka. Nilikuwa najua kucheka wakati huo, kwa sababu nilikuwa mtu wa kumimina chai.

Na katekista na ngoma yake! Ngoma isiyosikiwa na mtu yeyote ila mwenye makosa. Hadithi ilikwenda vizuri mpaka mwisho, mtoto asiye na kosa lolote akaisikia ngoma na kuamka, nyumba ikaokoka moto. Watu walifurahi. Wewe hukufurahi.

"Mwanzo ilisikiwa na wenye makosa tu," ulisema. "Sasa huyu mutoto anaisikia sababu gani? Sababu weye ulichoka?"

Nilikuwa najua yote haya, Mama Mukubwa. Nilijua hutaki hadithi inayoanza na jua linalochomoza. Nilijua ajabu inatakiwa kushika neno lake hata mwandishi akiumia, na kwamba mapenzi yanatakiwa kuwa na mtu wa kupoteza kitu. Mimi, mwalimu wa darasa la tatu, mwenye chaki kwenye vidole, nikidhani kujua kunatosha.

Sasa nimefika kwa Mulenda, mjinga mimi.

Karani wa gare. Wewe ulimpa maajabu yote ayasome, kwa sababu sauti yake ilitangaza treni ya Kabalo bila chombo chochote na watu wa ng'ambo ya daraja wakasikia. Sisi wote tuliacha viatu pembeni ya mkeka. Yeye alikataa mkeka. Aliketi kwenye kigoda, na viatu vyake vya kazi vimefungwa kamba mpaka juu, vimepigwa rangi. Kabla ya sentensi ndefu alipitisha kidole gumba juu ya unyusi wa kushoto. Nilizijua sentensi ndefu za kila hadithi kwa kidole kile.

Nilimpenda. Haya, nimeandika. Watu wa umri wangu walikuwa wanapeleka watoto wao darasani kwangu, na mimi nilikuwa nahesabu unyusi wa mtu.

Ningeandika ya mapenzi, ningelazimika kuisoma mwenyewe. Kwa hiyo nikawa mjanja. Niliandika ya maajabu. Mwanamke anafagia ufukwe kila jioni, na mtu wa ziwa anatoka majini kuongea naye, mtu asiye na nyayo. Anatembea mchangani na mchanga haubaki na alama. Sheria yake ni moja: anaweza kuja kila jioni ya maisha, lakini siku mwanamke atakapomwambia lililo moyoni mwake, atarudi majini na asionekane tena. Nilijisifu. Nilikuwa nimeweka ajabu na bei yake, nimeanza na ufagio na si jua. Ukaipokea, ukaiangalia kidogo, ukamkabidhi Mulenda.

Na mimi, mwenye akili zote hizi, sikuwa nimefikiri kwamba msomaji wa maajabu ni yeye.

Alisoma vizuri mno. Akafika mahali mtu wa ziwa anapitisha kidole gumba juu ya unyusi wa kushoto kabla ya kusema neno refu. Sentensi ilikuwa ndefu. Basi, kidole chake kikapanda chenyewe, kikafika kwenye unyusi, kikabaki pale. Mama Sifa aliacha samaki. Mkeka mzima ulimwangalia Mulenda, kisha ukageuka, shingo moja moja, ukaniangalia mimi. Wazazi wa wanafunzi wangu walikuwepo. Nilitamani ule mchanga ufunguke unimeze na birika langu.

Akajikaza, akasoma mpaka mwisho kwa sauti ndogo ambayo treni isingeisikia. Mwishoni mwanamke hasemi kitu. Anafagia tu, na jioni moja mtu wa ziwa haji.

Ungenyamaza, Mama Mukubwa! Ungeikunja tu ile karatasi! Badala yake ulivua miwani.

"Hakusema neno," ulisema. "Sheria inasema ataondoka kama mwanamuke anasema. Hakusema. Mbona mutu ameondoka?"

Ulifuta miwani kwa ncha ya kitenge, ukaendelea.

"Ni mwenye kuandika njo alimufukuza, sababu anaogopa. Hii si ajabu. Hii ni mapenzi imejificha mu maji. Mwenyewe atakuja kuisoma."

Nilikimbia. Niliacha sapato zangu pembeni ya mkeka, nikapita gare nzima miguu mitupu na mchana ule reli inachoma. Hukunitumia mtoto aniletee. Uliziweka chini ya ukingo wa bati, na kila Jumamosi ulizitoa na kuziweka mahali pake pembeni ya mkeka, na kila nilipokuja kukusalimia ulisema lile lile: "Ukitaka viatu yako, kuja na mwisho." Nilikuja na ndizi, nilikuja na dawa yako ya kifua. Na mwisho sikuja nao. Mulenda naye alinisalimia barabarani kwa adabu ya kuumiza, bila kuinua kidole kwenye unyusi. Alikuwa amejikataza. Hilo lilinitia aibu kuliko kicheko cha Mama Sifa, kuona mtu amejinyima kitu chake kidogo kwa ajili ya kunistahi.

Kisha kifua chako kikashindwa na mvua. Tumekuzika, tumelia, wanawake wametandika mkeka tena kwa sababu hawakujua mahali pengine pa kwenda Jumamosi. Hadithi bado zinakwenda Lubumbashi. Sapato zangu bado zilikuwa zinatolewa. Nani aliwaagiza, sijui.

Wiki hii habari ikaenea: Mulenda amehamishiwa gare ya Kabalo, anapanda treni Jumatatu. Mama Sifa alinikuta sokoni, akaongea mbele ya muuza chumvi kwa sauti yake yote.

"Mwalimu, Jumatatu mutu wako anaenda. Safari hii hata mu maji haendi, anaenda Kabalo!"

Usiku sikuandika kitu. Niliandika asubuhi ya leo, kabla ya salongo, nikiwa nimesimama. Nilifuta mwisho wa zamani. Nikaandika kwamba mwanamke aliangusha ufagio, na kwamba alijua sheria, na kwamba alisema. Hapo karatasi ikaisha na ujasiri pia.

Nilipofika mkekani, kigoda kilikuwa pale, na viatu vilivyopigwa rangi, na Mulenda ndani yake anaangalia boti. Nilikaa mahali pako kwa sababu pengine palijaa. Nilisoma na macho kwenye karatasi. Nilikwenda vizuri mpaka ufagio. Nikasema, "Mwanamke akamwambia, ninakupenda, nilikupenda kabla hujatoka majini," na sauti ikakatika pale pale, ikakatika vibaya, ikatoka sauti ya kuku. Watoto wawili wakacheka. Nilikaa nimeinamisha kichwa, na nikakuchukia kidogo, nisamehe.

Ndagala hazikugeuzwa.

"Kisha?" akasema Mama Sifa. "Alirudi mu maji?"

"Sijui," nikasema. "Sijaandika."

Nikasikia kigoda kinasogea. Nikaona, bila kuinua kichwa, vidole vinafungua kamba ya kiatu. Ilichukua muda, kamba zilipanda mpaka juu. Kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, kisha soksi, akazikunja akaziweka ndani. Mguu wa kushoto una vidole vitatu, Mama Mukubwa. Viwili vilibaki chini ya gurudumu la behewa alipokuwa kijana, na kovu limepanda mpaka kwenye kifundo. Hakuna mtu wa mkeka aliyewahi kuuona. Nilikuwa nimempa mtu wa ziwa miguu isiyoacha alama kwa sababu sikuwahi kuona miguu yake, na yeye, aliposoma hadithi ile, alidhani nimejua na ninamcheka. Amenieleza hivyo pale pale kwa maneno machache, uso umemwiva kuliko wangu. Ndiyo maana alikaa kimya. Alikuwa amebeba aibu yake mwenyewe muda wote ule, karibu na yangu, tukisalimiana kwa adabu.

Akaenda akasimama pale penye mchanga wenye maji. Akaligeuzia ziwa mgongo, akatembea polepole kuja upande wa mkeka, na mchanga ukashika kila hatua: tano, tatu, tano, tatu.

"Angalia," akaniambia. "Niko naacha alama."

Mama Sifa akapiga kelele ambayo nadhani imefika Zongwe kule mbali. Mimi nilinyanyuka, nikachukua sapato zangu, mkanda ukakatikia mkononi kwa kuoza, na nikaja nyumbani miguu mitupu kwa mara ya pili. Safari hii sikukimbia. Lakini sikumjibu pia. Ndiyo aibu niliyojifungia nayo humu ndani: mtu amenionyesha kitu alichowaficha wote, na mimi nikabeba kiatu kilichokatika, nikaondoka bila neno.

Mwisho bado haujaandikwa. Ungenirudishia.

Ngoja. Kuna mtu anaingia uani. Hana viatu, nasikia hatua nzito na nyepesi, nzito na nyepesi. Ameweka ndoo chini, maji yamemwagika kidogo mlangoni. Ameshajua siwezi kwenda bombani. Anapiga hodi.

Lala salama, Mama Mukubwa. Ninakwenda kufungua, na uso wangu unawaka vilevile.

Mutoto wa mudogo wako,
Feza