Damu ya Chacha Imekataa

Jumatano. Mvua ya asubuhi imekatika. Nikimeza mate, shingo inauma.

Saa nne walimshusha Marwa hapa hospitalini kutoka kijiji cha Nyambureti, amekatwa panga begani na kichwani. Ugomvi wa mpaka wa shamba. Aliyembeba ni mdogo wake, Chacha, shati limelowa damu mpaka kiunoni. Alinyoosha mkono hata kabla sijamwambia akae: nitoe yake, yote nikitaka.

Makundi yao ya damu yalilingana. Nikachanganya chembe za Chacha na majimaji ya damu ya Marwa. Zikashikana vidonge, ishara ya damu kukataana. Nikarudia. Zikashikana tena, kidogo.

Kidogo. Maabarani hakuna neno baya kama hilo.

Kwenye utando wa kila chembe nyekundu kuna protini nyingi, na kundi la damu halizitaji zote. Marwa aliwahi kuongezewa damu, na nahisi siku ile mwili wake ulijifunza kuichukia mojawapo. Ipi? Vipimo vya kuitambua sina. Hata vitabu vyangu vya chuo vinakiri kwamba baadhi ya protini hizo kazi yake haijaeleweka vizuri.

Nikamwambia Chacha damu yake haifai. Akanikaba, akanibamiza ukutani mpaka mirija ikaanguka na kupasuka.

"Dada, mimi na yeye tumetoka tumbo moja. Unamuua."

Nakiri: nilitamani kusema sawa, tumpe. Mlinzi akamtoa. Daktari akaja akaniuliza kama nina uhakika.

"Sina," nikamjibu.

Bhoke, mke wa Marwa, alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akakunja mkono wa gauni bila kuombwa. Kundi lilelile, na chembe zake zikatulia. Nilipima mara tatu. Tukaiingiza taratibu, mimi na daktari tumemkodolea macho mgonjwa, tukisubiri homa au baridi. Havikuja. Saa tisa Marwa akafungua macho, akaomba maji.

Nikatoka kumtafuta Chacha nimpe habari. Hayupo.

"Amerudi Nyambureti na wenzake," Bhoke akasema bila kuniangalia. "Wamebeba mapanga."

Nimewapigia polisi. Wanasema wako njiani, barabara ina matope.

Protini iliyomkataa Chacha sijaijua, na huenda nisiijue kamwe. Nimepanga mirija mipya mezani.

Asubuhi nitapima damu ya nani?