Ubishi wa Sinema Orijino na Koo la Kaka Yako

Chumba cha uani,
Nyuma ya mashine ya kupasulia mbao,
Jumapili, nguo zikiwa kambani.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo wewe? Bwana'ko hajambo? Watoto hawajambo? Na ule mguu uliokuwa unavimba ukisimama sana kufua mashuka ya hoteli, umepungua au bado unauburuta? Mimi hapa mzima, jino tu linanisumbua, na nakujua utasema ni kwa sababu ya kuongea sana. Haya, cheka kabisa sasa hivi, maana huko mbele hapachekeshi.

Mwandiko utauvumilia. Shule niliikimbia ningali nashika kalamu kama mwiko, na mpaka leo naishika hivyohivyo. Kukupigia simu nimeogopa. Ungesikia ninavyolia, na wewe ungeanza, tungemaliza vocha tunalizana tu na hakuna neno lililosemwa.

Kwanza nikupe habari ndogondogo, usije ukasema nimekuletea balaa tupu. Yule jirani mshona nguo amemrudia mumewe tena, na safari hii kaja na kitanda chake mwenyewe, eti kile cha mwanamume hakiamini! Mama yangu yupo, ananung'unika kutwa, kwa hiyo ni mzima. Binti yetu mkubwa anakaribia kujifungua, amekuwa mviringo, hata akipita mlangoni kwa upande haisaidii.

Sasa kaka yako.

Wifi, kaka yako anaumwa koo. Sio lile la kunywa maji ya moto likapona. Ile sauti ya kukwaruza niliyokuambia mwanzo wa mwaka, tukawa tunasema ni vumbi la mbao, kumbe wapi. Tulikwenda hospitali kubwa, wakampitishia mpira wenye taa, na daktari, mama mmoja mpole, akatuketisha akasema kuna uvimbe mbaya, umekaa palepale sauti inapotokea. Dawa peke yake haitoshi. Inabidi wakate, na hicho kisanduku chenyewe cha sauti kitoke. Akikatwa ataishi, Mungu akijalia, atakuwa anapumulia tundu hapa shingoni. Ila kusema ndiyo basi tena. Na kama hakatwi kabla mwezi huu haujaisha, daktari alisema, tusihangaike kurudi kumwuliza, kisu chenyewe kitakuwa hakisaidii.

Unajua kaka yako alimwuliza nini? Hakuuliza kama kunauma. Hakuuliza nani atalala naye hospitali. Aliuliza, "Na kunong'ona je, daktari?" Yule mama akatikisa kichwa.

Wewe uliondoka banda letu la video bado lina viti viwili na paa linavuja, kwa hiyo hujui kaka yako amekuwa nani mtaa huu. Ngoja nikuambie. Sinema zinakuja na lugha zao, nyingine hata hatujui ni watu wa wapi, wa theluji theluji huko. Kaka yako anakaa mbele juu ya kreti la soda, maikrofoni mkononi, anapunguza sauti ya sinema, anawasemea wote. Mzee ni yeye, mtoto ni yeye, polisi ni yeye, mbwa ni yeye. Na haitazami kwanza, wifi! Anaiona palepale pamoja na watu. Siku moja nikamwuliza, wewe baba, unajuaje anachosema yule? Akanijibu, "Si unamwona sura?"

Kila mchawi anampa sauti ya mama yangu, na mama akiingia banda zima linageuka kumtazama. Wake wazuri wote anawapa sauti yangu mimi. Usinicheke. Mwenzio humo ndani nimeolewa na wafalme, nimezama na meli, nimepigwa risasi nikafa huku nasema maneno marefu. Unene wangu huu wote, niko mlangoni nakata tiketi, nasikia huko ndani kuna mwanamume mwenye farasi ananililia.

Sasa tulipotoka hospitali, nyumbani akawa bubu kabla ya kisu. Hasemi hata chumvi imezidi. Jioni tu ndiyo anaamka, anakwenda bandani kuwasemea watu, sauti inatoka kama tupa juu ya chuma. Akanikataza nisimwambie mtu yeyote. Mimi! Mimi nisimwambie mtu! Wifi, nimevimba kwa hiyo siri kuliko binti yetu.

Basi nikajifanya nina akili. Nikaenda kwa kinyozi, yule tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi. Ugonjwa sikumtajia. Nikamwambia, Jumamosi kabla hamjaanza kutazama, hebu chokoza ubishi: sinema gani ni orijino kuliko zote zilizowahi kutengenezwa duniani, ile ambayo haikuiga popote. Niliwaza hivi: kaka yako akisikia watu wanazitaja kazi zake moja baada ya nyingine, roho itamtulia, ataona amefanya ya kutosha, ataiweka maikrofoni chini aende akakatwe kwa amani. Hayo ndiyo mawazo yangu. Ningekuwa na akili si ningemaliza shule.

Redio hakungoja hata watu wakae. Akasema orijino ni ile ya dereva wa basi aliyezunguka nchi nzima na abiria amekufa kitini, yeye anamsimulia maisha yake yote akidhani kalala. "Hiyo nani aliwahi kuiwaza? Nitajieni mtu!" Mama anayeuza maji akasema kaa chini na basi lako bovu, orijino ni ya bibi harusi aliyemleta mume wake wa zamani awe shahidi. Wakazomeana hapo, mikono hewani, mtu anasimamia benchi. Kaka yako yuko kwenye kreti lake, nikaona anatabasamu, nikasema moyoni, inafanya kazi.

Halafu muuza mkaa akasema, "Nyie wote watoto. Orijino ni ya chini ya ngazi." Hata yule aliyesimamia benchi akashuka.

Hiyo hukuiona. Ni mwanamume ambaye kila siku anashuka chini ya nyumba yake na sahani ya chakula, na hatuoni anampelekea nani. Mke anashuku, majirani wanashuku. Mwisho anatoka mzee. Kaka yako alisema yule ni baba yake, alikwenda jela badala ya mwanawe, na alipotoka akaona aibu kuonekana na watu, akakaa humo gizani. Na mzee akitoka anasema, "Mwanangu, umenilisha kama mtoto. Sasa nishike mkono nilione jua." Wifi, siku ile hata mimi wa mlangoni nilishindwa kurudisha chenji.

Kumbe Mwalimu yumo. Ni yule anayefundisha shule ya pale chini, mtu mzuri tu, ila hawezi kuacha kosa lipite. Akasema jamani, hiyo siyo orijino, tena siyo hivyo inavyokwenda, mimi ninayo, ina maandishi ya Kiswahili chini. Watu wakamwambia kailete kama wewe ni mwanamume. Akaenda mbio, akarudi na flashi.

Wakaiweka. Ni mara yangu ya kwanza kumwona kaka yako anatazama sinema amefunga mdomo. Wanaojua kusoma wakawa wanawasomea wasiojua. Na chini ya ngazi hakuna baba, wifi. Kuna mwizi mwenzake! Wameiba dhahabu, wanasubiri polisi wachoke kutafuta. Ule uso wa mzee uliotutoa machozi sote, kumbe anagomba kwamba amepunjwa fungu lake.

Nikajua leo wanamzomea mume wangu, na ni mimi niliyeyaanzisha.

Muuza mkaa akasimama. "Hii feki."

"Feki vipi?" Mwalimu akasema. "Ndiyo yenyewe hii. Soma hapo chini!"

"Sisomi! Mimi baba yangu nilikuwa simsalimii tangu nimeoa. Nimetoka humu ndani, siku ile, nimekwenda moja kwa moja kugonga mlango wake. Amekufa tumeshapatana. Sasa unataka kuniambia nilikwenda kwa ajili ya dhahabu ya watu? Hii wameiga ile yetu, wakaiharibu."

Basi! Banda zima, toa, toa, feki, toa! Redio akamwambia, "Mwalimu, kairudishe ulikoitoa, uwaambie wamejitahidi kuiga ila bado." Na wote wakamgeukia kaka yako, tuwekee orijino. Akainuka, akakohoa kwenye kitambaa, akaisema upya kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ile ya tupa. Alipofika kwenye jua hakuna aliyekuwa na macho makavu. Mwalimu mwenyewe alikuwa anajipangusa na tai.

Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja kama mwendawazimu. Nikawaza, sasa moyo umejaa, atakubali.

Tulipofika nyumbani akakaa kitandani, akavua viatu, akaniambia taratibu, "Umewasikia? Yenyewe waliletewa, wakaikataa. Wanataka ya mdomo wangu. Sasa nyie mnataka mdomo huo ukatwe. Mimi sikatwi."

Mganga wako ndiye mimi huyo, wifi. Nimemtibu.

Tangu siku hiyo hakuna la kumwambia. Mama yangu amempigia magoti, mama yangu yule, na magoti yake mabovu! Kaka yako akamwinua, akamtania kwa sauti ya mama mwenyewe, ile anayowapa wachawi, mama akatoka analia na kucheka. Binti yetu amemwambia baba, subiri basi umwone mjukuu wako. Akasema atamwona na atamwimbia. Daktari ametuma mtu kuuliza kama kitanda cha hospitali bado tunakihitaji, nikasema wangoje kidogo. Sijui watangoja mpaka lini.

Chakula kigumu hakipiti tena. Anakunywa uji, kijiko kimoja, anapumzika. Suruali anaifunga kwa kamba. Na banda linajaa kuliko mwanzo, habari za ule ubishi zimefika mpaka mtaa wa pili, watu wanasimama. Nakaa mlangoni nakata tiketi, nasikia wanampigia makofi. Wanampeleka kaburini kwa makofi, wifi, wala hawajui, na mimi ndiye ninayewafungulia mlango.

Nilitaka kuwaambia. Nilimwendea muuza mkaa mpaka kwenye magunia yake. Nikawaza, huyu akijua, atawakataza wenzake wasije. Nikashindwa. Kama nikimwambia, na kaka yako akajua nimemtangaza, ataondoka duniani hanisemeshi. Siwezi hilo. Nikanunua mkaa nikarudi.

Na kuna jingine, nakuambia wewe tu. Mimi mwenyewe simlazimishi inavyotakiwa. Naanza vizuri, nasema kubali baba, kubali tukae wote tuzeeke. Ananiuliza, "Haya, nikikatwa nitakuitaje?" Nikamwambia utapiga kofi, utagonga meza, nitakuja. Akasema, "Hivyo anaitwa mbwa." Halafu akaniita. Aliniita tu, kama anavyoniita siku zote, kwa hiyo sauti iliyobaki. Nikasahau yote niliyopanga kusema. Nikaitika.

Kwa hiyo usinitegemee mimi. Ningekuwa wa kumshinda ningeshamshinda. Wewe ndiye uliyemlea kaka yako, mama mkwe alipofariki, wewe ulimbeba mgongoni na ndoo kichwani, wewe ukimwambia kaa, anakaa mpaka leo na mvi zake. Mwombe ruhusa huyo tajiri wako wa hoteli. Akikataa, acha mashuka yake yanuke. Njoo umshike mkono mpaka kwenye kile kitanda, umlaze, umkalie kwa juu ikibidi. Atachukia. Mimi nitabeba chuki yake, ninao mwili wa kubebea. Mwezi unaisha, wifi.

Nisalimie bwana'ko, mwambie samahani nimemwita mkewe ghafla. Nisalimie watoto wote, yule wa mwisho mbane mashavu kwa niaba yangu. Msalimie na yule shoga yako wa chumba cha jirani, mwambie ile habari ya kitanda cha mshona nguo nitakupa yote ukifika, nayo ina mambo.

Mungu akupe mguu mzima wa safari, akulinde njiani, na huku atushikilie mpaka ufike.

Nilimwambia kaka yako kwamba nakuandikia, nikamwuliza nikuwekee salamu gani kwenye barua. Akasema nisiandike chochote, salamu zake atakupa mwenyewe kwa mdomo wake. Basi fanya haraka uje uzisikie.

Ni mimi wifi yako akupendaye, hata ukininunia,

Wa mlangoni.