Nusu ya Shahada

Jumatatu, 13 Januari

Sheikh amekuja kumjulia hali Baba. Kusema kweli alikuja kuulizia ukuta wa msikiti. Baba alimwahidi kuandika shahada juu ya mihrabu, mbele kabisa, pale macho ya kila anayeingia yanapotua. Mchoro alishaumaliza. Kisha kiharusi kikamwangusha. Mkono wa kulia umekufa, mdomo umekwenda upande. Wiki ya tano sasa.

Mama akasema mimi nitaandika. Mimi! Nilikuwa mlangoni na sinia la chai, nikatamani ardhi inimeze. Sheikh akaniangalia, akauliza, "Huyu?" Mama akamjibu kwamba binti yake akitoa salamu hata panya hashtuki, lakini mkono anao, brashi za baba yake kazishika tangu ana mapengo. Sheikh akacheka, akakubali. Iwe tayari kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Hakuna aliyeniuliza kama naweza. Kuandika naweza. Hilo silo linalonitisha.

Jumatano, 15 Januari

Naliandika hapa kwa kuwa sina pa kulisema.

Tangu Baba aanguke nimesali kila sala kwa wakati wake. Na za sunna juu yake. Nimelia kwenye sijda mpaka mswala ukalowa. Ya Allah, mrudishie mkono. Basi, hata ulimi tu. Hakuna kilichosogea. Sasa nikisema Allahu akbar ni kama napiga hodi kwenye nyumba waliyohama wenyewe. Nainama, nainuka, nageuza shingo kulia na kushoto – kumbe muda wote nilikuwa nawaza nguo nilizoanika.

Na mimi ndiye nitakayewaandikia watu wote kwamba hapana mungu ila Allah.

Alhamisi, 16 Januari

Nimetoboa mchoro wa Baba kwa sindano kutwa nzima. Vitundu mamia kwa mamia kufuata kingo za herufi. Utabandikwa ukutani, upigwepigwe kwa kifuko cha unga wa mkaa, na maneno yatabaki kama nyayo za sisimizi. Ndipo brashi.

Nimekumbuka mafunzo yake. Shahada haina nukta hata moja. Na ile nusu ya kwanza haihitaji midomo. Jaribu, aliniambia nikiwa mdogo: la ilaha illallah. Midomo haigusani! Mungu amewarahisishia wanaokufa.

Na sharti lake kubwa: ukishaandika "la ilaha", usishuke ngazi mpaka "illallah" iishe. "Hapana mungu" si neno la kuachwa peke yake ukutani, hata kwa kwenda kunywa maji. Mara moja nyuki walimvamia huko huko juu. Akamaliza kwanza, ndipo akakimbia. Alirudi nyumbani uso kama boga. Mama hakumtambua mlangoni.

Jioni Baba alijaribu kuisema. "La ilaha..." Ulimi ukachoka. Macho yakawa yanazunguka chumba kizima kutafuta kilichobaki. Mama akamfuta kidevu, akammalizia: "Illallah, baba watoto. Illallah."

Nilikuwa nimekaa karibu kuliko Mama. Ningeweza kumalizia mimi.

Jumapili, 19 Januari

Aibu tupu. Nimepima ukuta kuanzia kushoto, kama daftari la shule! Nilipobandika karatasi, herufi ya kwanza ikapanda kona. Mfagizi wa msikiti aliona yote – yule wanayemwita Kimya kwa sababu hanyamazi. Akasema nimshukuru Mungu mkaa unafutika, ingekuwa rangi, Sheikh angenitia kwenye ndoo ya deki. Akaendelea mpaka adhuhuri: magoti yake, bei ya sabuni, ndege waliojenga kwenye spika.

Nimefuta. Nimeanza upya kuanzia kulia.

Jumanne, 21 Januari

Siku zangu zimeanza. Sisali, siingii msikitini.

Nilipoona damu nilifurahi. Astaghfirullah – nilifurahi.

Jumatano, 29 Januari

Nimeoga tangu juzi, nimerudi kwenye mswala. Nyumba ile ile. Hakuna anayeitika.

Baba ameamka vibaya. Upande wa kushoto nao unalegea. Daktari alizungumza na Mama uani, kwa sauti ya chini. Mama aliporudi alianza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Nikasema kesho siendi kokote. Baba akanisikia. Akashika kidole changu gumba chenye mkaa, akakibana, akageuza macho kuelekea msikitini. Kisha akajaribu tena. "La ilaha..." Nilifungua mdomo nimsaidie. Haikutoka. Mama alikuwa jikoni. Tukabaki hivyo, mimi na yeye, na ile nusu katikati yetu.

Alhamisi, 30 Januari

Naandika nikiwa juu ya ngazi. Daftari hili nililitia mfukoni mwa aproni kwa ajili ya vipimo.

Nilianza watu walipotoka sala ya adhuhuri. "La ilaha" imekamilika, nyeusi, inang'aa, herufi ndefu kuliko mimi. Nilikuwa nachovya kwa neno linalofuata, simu ikaita. Mama. Mama hanipigii nikiwa kazini, anaogopa nitaanguka. Sikupokea. Ikaita tena. Mara ya tatu akampigia Kimya. Nikamsikia huko nje: eeh, eeh, nimekuelewa dada yangu. Kisha akanyamaza.

Kimya – akanyamaza!

Amekuja chini ya ngazi, kofia mkononi. "Mwanangu, shuka."

Nikamwambia sijamaliza.

"Najua. Shuka."

Nimemwambia siwezi, neno liko nusu. Hakubisha. Ni mtu wa kubishana hata na redio.

Kazi iliyobaki mpaka mwisho wa "illallah" ni ya nusu saa. Nikiimaliza itabidi nishuke. Nikishuka ataniambia. Nikikaa hapa, Baba bado yuko kitandani, macho yanazunguka chumba. Najiuliza jambo moja tu: leo alifika wapi? Alivuka "la ilaha"? Mama alikuwa karibu, au alikuwa jikoni?

Mbele yangu ukuta unasema hapana mungu. Basi. Wiki zote hizi sijasoma kitu kilichofanana na kifua changu namna hii. Naogopa kuutazama, na siwezi kutazama pengine.

Mabomba yamefunguliwa nje. Watu wanatia udhu kwa ajili ya alasiri. Wataingia na kuinua macho.

Rangi imeanza kufanya ngozi mkebeni. Nimeivunja kwa ncha ya brashi. Nimejaribu kuisema – midomo haigusani, kweli – lakini ulimi unasimama pale pale alipokuwa akisimama Baba.

Kimya ameshika ngazi kwa mikono miwili.